Keneli na heda zake: nini kivuke mpaka

Mwaka 1979, Bell Labs ilipotoa toleo la 7 la Unix, programu ya ls haikuwa na haja ya kuuliza folda imepangwaje. Iliifungua folda kama faili nyingine yoyote, ikasoma baiti 16, ikasoma 16 nyingine, mpaka ikamaliza. Katika kila baiti 16, mbili za mwanzo zilikuwa namba ya faili kwenye diski na 14 zilizobaki zilikuwa jina lake. Mpangilio huo uliandikwa kwenye faili fupi, sys/dir.h, na faili hiyohiyo ndiyo iliyotumika kujenga keneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayoshika diski, kumbukumbu na vifaa vyote. Pande zote mbili zilisoma maandishi mamoja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kutofautiana. Kwa mashine za wakati ule, ambazo keneli na programu zake zilitoka kwa watu walewale na kujengwa pamoja, utaratibu huo ulitosha.

Miaka minne baadaye uliwaponza waliouzoea. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, toleo lake la Unix lenye mfumo mpya wa faili, na jina la faili likaruhusiwa kufika herufi 255. Kipande cha folda hakikuwa tena na urefu mmoja. Kila programu iliyokariri baiti 16, na zilikuwa nyingi, ikawa inasoma upuuzi. Watu wa Berkeley wangeweza kuandika heda mpya yenye mpangilio mpya na kuishia hapo. Walichofanya ni kuzipa programu njia ya kuuliza: opendir na readdir, ambazo kila mwanafunzi wa C anakutana nazo mapema, zilitungwa ili mwandishi wa programu asilazimike tena kujua diski imepangwaje.

Programu ya ps, inayoonyesha kazi zinazoendelea kwenye mashine, ilikuwa na hali mbaya zaidi. Ilichukua heda za keneli, sys/proc.h na sys/user.h, kisha ikafungua kumbukumbu ya keneli yenyewe na kuichungulia moja kwa moja. Mhandisi akiongeza kipande kimoja kwenye muundo wa proc na kujenga keneli upya, ps ya jana ilionyesha takwimu zisizo na maana hadi nayo ijengwe upya. Hakuna aliyemvunjia mwenzake ahadi hapo, kwa sababu hakuna ahadi iliyowahi kutolewa. Heda ilikuwa wazi, programu ikaisoma, ikaamini.

Kwa asiyeandika programu, heda ni maandishi ya lugha ya C yanayotaja majina, namba na maumbo: wito huu wa kuiomba keneli huduma una namba gani, muundo huu una vipande vipi na kila kimoja kina baiti ngapi, kosa hili linaitwaje. Kompaila huyasoma kabla ya kujenga programu. Keneli kubwa ina maelfu ya heda, nyingi zikieleza mambo yake ya ndani: foleni za kazi, kufuli, jinsi kumbukumbu inavyogawanywa. Chache zinaeleza kile ambacho programu inaweza kuomba na namna ya kukiomba. Swali ambalo limewasumbua wahandisi kwa zaidi ya miaka 40 ni heda zipi zivuke mpaka kwenda kwa programu za kawaida, na nani awe mlinzi wa mpaka huo. Ninachoshikilia ni kwamba keneli igawe zile tu ambazo iko tayari kuziheshimu daima, na hizo inazogawa izitumie yenyewe kila inapojengwa. Nusu ya kwanza inakubaliwa na wengi kwa mdomo. Nusu ya pili ndiyo iliyochukua muda mrefu kueleweka, na historia ya Linux inaonyesha kwa nini.

Linus Torvalds alianza Linux mjini Helsinki mwaka 1991. Kwa miaka mingi ya mwanzo, /usr/include/linux kwenye kompyuta nyingi haikuwa folda halisi. Ilikuwa kiungo kinachoelekeza /usr/src/linux/include/linux, yaani ndani ya chanzo cha keneli chenyewe, na /usr/include/asm ilikuwa vivyo hivyo. Ilionekana ni busara: heda ziko mahali pamoja, hakuna nakala ya kusahaulika. Sasa chukua mtu aliyepakua chanzo cha keneli mpya na kukifungua /usr/src. Bila kukusudia, amebadilisha heda zinazosomwa na kila programu atakayoijenga kuanzia siku hiyo. Maktaba ya C iliyomo kwenye mashine yake ilijengwa kwa heda za zamani na inaamini muundo fulani una ukubwa fulani. Programu yake mpya inaamini ukubwa mwingine. Kompaila haitoi onyo, kwa sababu kila upande, ukitazamwa peke yake, uko sahihi. Programu inaanguka baadaye, mahali ambapo hakuna anayepashuku.

Ndani ya heda hizo, siri za keneli zilifichwa kwa ukuta mwembamba: mstari unaosema sehemu hii isomwe tu ikiwa jina __KERNEL__ limetangazwa. Keneli hulitangaza inapojengwa, programu za kawaida hazilitangazi. Ulinzi huo ulitegemea kila mwandishi akumbuke kuweka mstari mahali pake, na waandishi walikuwa mamia. Waliosahau, hakuna aliyewagutusha. Na mwanaprogramu aliyetaka kitu cha ndani aliweza kulitangaza jina hilo mwenyewe na kujichotea, kwa mfano hesabu za atomiki kutoka kwenye heda za asm, ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake na hazikuhakikishiwa kufanya kazi nje ya keneli.

Mwaka 2000 Torvalds alieleza hadharani kwamba viungo vile viondolewe. Heda za /usr/include, alisema, ni zile ambazo maktaba ya C ilijengwa nazo, na mtu akibadilisha keneli asiziguse. Ushauri ulikuwa sahihi, lakini ulizaa tatizo jingine. Kama chanzo cha keneli hakielekezwi tena moja kwa moja, basi lazima mtu achukue heda zake, azisafishe, na kuzihifadhi pembeni. Nani? Kila msambazaji wa Linux akafanya peke yake. Debian walikuwa na zao, Red Hat zao, na hazikufanana. Mariusz Mazur, wa mradi wa PLD Linux nchini Poland, akajitwika mzigo kwa niaba ya wengi: alisafisha heda za keneli za 2.6 kwa mkono na kuzitoa kwa jina la linux-libc-headers. Mradi kama Linux From Scratch, unaomfundisha mtu kujenga mfumo wake mwenyewe tangu mwanzo, uliitegemea kazi hiyo. Ilifika 2.6.12 ikasimama, na keneli ikaendelea mbele bila yeye.

Sioni sababu ya kumlaumu Mazur. Kazi aliyoibeba haikupaswa kuwa yake. Nakala iliyosafishwa na mtu wa nje, hata awe hodari kiasi gani, inaachwa nyuma kila keneli inapoongeza kitu, na haijaribiwi na upande unaotoa huduma. Keneli inaweza kubadilisha muundo leo, ikajengwa vizuri, ikafanya kazi vizuri, na nakala ya nje ikabaki inasema ya jana. Hapo ndipo nusu ya pili ya hoja yangu inapopata uzito. Heda ya kugawa iwe ileile ambayo keneli inaisoma inapojijenga. Mtu akiibadilisha, keneli yake nayo inabadilika, na mabadiliko yanaonekana.

David Woodhouse ndiye aliyerudisha kazi hiyo nyumbani kwake. Katika Linux 2.6.18, iliyotoka Septemba 2006, kukawa na amri mpya, make headers_install. Ndani ya chanzo cha keneli kuliwekwa orodha ya heda zinazoruhusiwa kutoka. Amri inazichukua hizo tu, inaondoa kila kilichofichwa nyuma ya __KERNEL__, na kuziweka kwenye folda safi. Kuanzia hapo wasambazaji wote waliweza kuchota kisima kimoja. Lakini mahali pa kuandikia palibaki palepale: faili moja yenye ahadi na siri zimechanganyika, zikitenganishwa na mistari ya masharti. Msomaji wa kiraka, yaani badiliko lililopendekezwa kwenye chanzo, hakuweza kujua kwa kutupia jicho kama mstari ulioongezwa ni wa ndani au ni wa dunia nzima.

Hilo lilitatuliwa Desemba 2012, toleo la 3.7, pale David Howells alipogawa heda hizo mara mbili. Zilizo za kugawa zilihamia folda mpya, include/uapi. Za ndani zilibaki include/linux, na ya ndani ikaiita ya uapi kwa jina. Mamia ya faili yalihamishwa kwa msaada wa hati maalumu. Waliolalamika walisema ni usumbufu mkubwa kwa faida ndogo. Naona walikosea. Tangu siku ile, kiraka chochote kinachogusa uapi kinajitangaza kwa njia ya faili lake, na anayekikagua anajua yuko mbele ya kitu ambacho hakitarudishwa. Umakini wa binadamu ni mchache; jina la folda limeuelekeza panapostahili.

Ahadi yenyewe ina makali ambayo hayaonekani kwa urahisi. Kanuni kuu ya Linux, inayosimamiwa na Torvalds kwa ukali unaojulikana, ni kwamba keneli mpya isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Tazama basi muundo mdogo kabisa: namba ya biti 32, kisha namba ya biti 64. Ukiuandika katika C na kuujenga kwa kichakata cha Intel cha biti 32, una baiti 12, kwa sababu huko namba ya biti 64 inakubali kukaa kwenye anwani yoyote inayogawanyika kwa 4. Ujenge kwa biti 64, una baiti 16, kwa kuwa kompaila inaacha pengo la baiti 4 ili namba ya pili ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Maandishi ya heda ni yaleyale, herufi kwa herufi. Programu ya zamani ya biti 32 ikiendeshwa juu ya keneli ya biti 64, jambo la kawaida kabisa, inatuma 12 na mwenzake anasubiri 16.

Ndiyo maana heda za uapi haziandiki int au long ovyo. Zinatumia __u32 na __u64, majina yanayoanza na mistari miwili ili yasigongane na majina ya mwandishi wa programu, na kwa pengo lile kuna __aligned_u64, inayolazimisha mpangilio mmoja kila mahali. Mwandishi makini huandika pengo lenyewe kama kipande chenye jina, kisha huagiza kiwe sifuri. Pengo lisilo na jina lina hatari nyingine: keneli inapojibu programu kwa kunakili muundo mzima, baiti 4 za pengo hubeba chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya keneli wakati huo, na anwani za siri zimewahi kuvuja kwa njia hiyo mara nyingi.

Kuna na wito wa ioctl, mlango ambao karibu kila draiva inapitishia maombi yake ya pekee. Namba ya ombi la ioctl kwa kawaida ina biti 32: 8 za namba, 8 za aina, 2 za mwelekeo wa data, na 14 za ukubwa wa muundo unaosafiri nayo. Ukiongeza kipande kimoja kwenye muundo, ukubwa umebadilika, na kwa hiyo namba ya ombi imebadilika. Programu ya jana inaomba kwa namba ambayo draiva ya leo haiitambui. Wabunifu wa miito mipya wamejifunza kutokana na maumivu hayo. clone3, iliyoingia 5.3 mwaka 2019, na openat2, iliyoingia 5.6 mwaka 2020, zinaipokea miundo pamoja na ukubwa wake kama hoja ya pembeni. Programu ikileta muundo mfupi kuliko wa keneli, keneli inajaza sifuri. Ikileta mrefu kuliko inaoujua, inakagua baiti za ziada: zikiwa sifuri zote inaendelea, zikiwa na kitu inakataa, kwa sababu inaombwa jambo isilolijua. Ni ubunifu mdogo, lakini umefanya heda iweze kukua bila kuvunja neno lake.

Ugomvi wa muda mrefu zaidi uko kwa jirani wa karibu. Programu ya C haizungumzi na keneli peke yake; kati yao kuna maktaba ya C, na maktaba nayo ina heda. Muundo wa anwani ya IPv6, in6_addr, umetangazwa na keneli kwenye linux/in6.h na umetangazwa na maktaba kwenye netinet/in.h. Programu ya mtandao inayohitaji vyote viwili ikaziita heda zote mbili, na kompaila ikakataa: muundo umetangazwa mara mbili. Ilichukua hadi toleo la 3.12, mwaka 2013, kupata libc-compat.h, heda ya usuluhishi inayochunguza nani ametangulia na kumwambia wa pili anyamaze. Usuluhishi huo uliifuata maktaba ya glibc. Maktaba ya musl, ambayo haijitambulishi kwa jina lolote ili isitendewe kwa upendeleo, ilibidi ipigiwe hodi heda moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa.

Na maktaba ina mwendo wake. Wito wa gettid, unaomwambia uzi wa programu namba yake, umekuwemo kwenye Linux tangu 2.4.11 ya mwaka 2001. Glibc iliuwekea jina lake katika toleo la 2.30, Agosti 2019. Katikati ya miaka hiyo yote, kila aliyeuhitaji aliandika kwa mkono syscall(SYS_gettid), akichota namba kutoka kwenye heda ya keneli. Kama keneli isingegawa heda hiyo, huduma iliyopo ingekuwa kama haipo. Huo ni ushahidi kwamba heda za keneli zina haki ya kuwafikia waandishi wa programu moja kwa moja, hata pale maktaba inapodhani inatosha.

Mifumo mingine imechagua njia nyingine. Kwenye Windows, namba za miito ya mfumo hubadilika toleo hadi toleo, na Microsoft haimwahidi mtu chochote chini ya maktaba zake. Apple nayo inaahidi maktaba ya libSystem tu. Watengenezaji wa lugha ya Go waliojaribu kuipita maktaba hiyo walipata somo mwaka 2016: macOS Sierra ilibadilisha ndani kwa ndani jinsi wito wa kusoma saa unavyojibu, na programu za Go zilizojengwa kabla yake zikaanguka. Kuanzia Go 1.11 wakakubali kupita mlango rasmi. OpenBSD ndiyo inayonivutia zaidi. Keneli, maktaba ya C na programu za msingi ziko kwenye chanzo kimoja na hutolewa pamoja kila miezi 6. Toleo la 5.5, Mei 2014, lilibadilisha hesabu ya saa kuwa biti 64 kwenye mashine zote, zikiwemo za biti 32, na kila programu ya zamani ikatakiwa kujengwa upya. Likafanyika, likaisha.

Linux haikuweza kufanya hivyo. Saa ya biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, na kila muundo wa uapi uliowahi kubeba time_t, aina ya namba ya kuhesabia saa, ndani yake ulikuwa ahadi kwa programu ambazo hakuna anayezijua zote. Ikabidi kupitia heda moja moja: miito mipya kando ya ile ya zamani, aina mpya __kernel_timespec, na kwa muundo wa matukio ya kibodi na panya, ambao hauwezi kuongezwa ukubwa, ujanja wa kuifanya namba isiwe na alama ya hasi ili ivute hadi 2106. Sehemu kubwa ilikamilika na toleo la 5.6 mwaka 2020. Glibc ikafuata katika toleo la 2.34, Agosti 2021. OpenBSD ilimaliza mapema kwa sababu ahadi yake ilikuwa kwenye chanzo, ya Linux iko kwenye programu iliyokwisha kujengwa. Siwezi kusema moja ni bora kwa wote. Lakini mtu mwenye mashine ya kiwandani yenye programu ambayo mtunzi wake hapatikani tena ana sababu ya kuishukuru njia ndefu.

Sheria nayo imeingia humu. Keneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayodai kazi inayotokana nayo iwe chini ya leseni hiyo. Je, programu inayojengwa kwa heda za keneli inatokana nayo? Torvalds alijibu zamani kwa maelezo mafupi yaliyotangulia leseni: programu inayotumia huduma za keneli kwa miito ya kawaida haihesabiwi kuwa imetokana nayo. Mwaka 2017 jibu hilo likaandikwa kwenye heda za uapi zenyewe, faili kwa faili, kama nyongeza ya leseni iitwayo Linux-syscall-note. Kabla ya hapo Google walikuwa wamejihami kwa njia yao. Maktaba ya C ya Android, Bionic, hupitisha heda za keneli kwenye hati inayoondoa maelezo na kubakiza miundo na namba, na kwenye matoleo ya zamani juu ya faili waliweka tangazo kwamba kilichobaki hakina kitu cha kumilikiwa. Mwaka 2011 waliibuka wanasheria waliodai usafishaji huo hautoshi. Torvalds aliyapuuza madai yao.

Haikuwa mara ya kwanza heda kupelekwa kwa wanasheria. Mwaka 2003 kampuni ya SCO, iliyokuwa ikiandama Linux, ilitaja errno.h na signal.h miongoni mwa faili ilizodai ni mali ya Unix. Torvalds akajibu kwamba aliziandika mwenyewe siku za mwanzo kabisa. Namba 2 kumaanisha faili haipo ni makubaliano ya kazi, na programu za dunia nzima zinayategemea. Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 2, iliamua kwamba Google ilipochukua takriban mistari 11,500 ya matangazo ya Java kwa ajili ya Android ilikuwa matumizi ya haki. Mahakama haikusema matangazo kama hayo hayawezi kumilikiwa. Swali hilo ililiruka. Kwa hiyo nyongeza ile ya leseni bado ina kazi.

Wapo wanaohitaji kuona ndani, na haja yao ni ya kweli. Anayejenga draiva nje ya chanzo cha keneli anahitaji heda za ndani za keneli ileile inayokimbia, ndiyo maana Ubuntu ina kifurushi cha linux-headers kwa kila toleo, tofauti na linux-libc-dev iliyo ya programu za kawaida. Wengi huchanganya hivi viwili. Zana za kuchunguza mfumo zinazotumia eBPF, vijiprogramu vinavyopakiwa ndani ya keneli, nazo zilihitaji heda hizo kwenye kila seva, na simu hazikuwa nazo kabisa. Toleo la 5.2 la mwaka 2019 liliruhusu keneli ibebe heda zake ndani ya tumbo lake na kuzitoa chini ya /sys/kernel. Njia iliyofaulu zaidi ni BTF: keneli inaeleza miundo yake kwa data fupi, na zana inajirekebisha inapopakiwa, ikiuliza kipande fulani kiko baiti ya ngapi. Ni swali lilelile la ps, safari hii likiulizwa kwa keneli iliyo hai badala ya kukisiwa kutoka kwenye faili la jana.

Go na Rust hazisomi heda za C. Zinatoa namba kutoka humo kwa hati na kuzihifadhi kwenye maktaba zao, na hapo nakala zinarudi, pamoja na kuchelewa kwake. Mwaka 2023, toleo la 6.3, watu wa mtandao wa Linux walianza kueleza sehemu ya netlink, njia ya programu kuwasiliana na keneli, kwa maandishi ya YAML, na sasa baadhi ya heda za uapi zinazalishwa kutoka humo. Heda inakuwa zao badala ya chimbuko, na lugha yoyote inaweza kuzalisha lake. Naunga mkono mwelekeo huo kwa huduma mpya. Maelfu ya ioctl za zamani zitabaki kwenye C, kwa kuwa maana yake imo kwenye msimbo wa draiva na haijawahi kuandikwa popote.

Mahali ambapo mpaka huu unamgusa mtu asiyewahi kusikia neno keneli ni kwenye simu. Nyingi ya simu zinazouzwa Kariakoo na River Road ni za Android, na kila moja ina keneli ya Linux iliyoongezwa draiva za mtengenezaji wa chipu: kamera, picha, modemu. Draiva hizo zina heda zao, zenye ioctl ambazo hazikupitishwa na mtu yeyote wa Linux na hazimo kwenye uapi ya dunia. Maktaba zilizofungwa za kampuni zinazitegemea heda hizo kwa kila baiti. Keneli mpya ikija, miundo ya draiva inabadilika, maktaba iliyofungwa haiwezi kujengwa upya na yeyote isipokuwa kampuni, na kampuni imekwisha hamia chipu nyingine. Google ilijaribu kutenga pande hizo kwa mradi wa Treble katika Android 8.0 ya mwaka 2017, kisha kwa keneli moja ya pamoja kwenye simu zinazotoka na Android 12 na keneli 5.10. Simu za kabla ya hapo zimebaki na keneli zilizozaliwa nazo, na matundu yake ya usalama. GPL inamlazimu anayezisambaza kutoa chanzo cha keneli hiyo kwa aliyeinunua, zikiwemo heda za draiva. Wanaojenga Android mbadala kwa simu zilizotelekezwa huanzia hapo, na chanzo kikitolewa pungufu, heda hizo ndizo wanazolazimika kuzikisia kwa kuchunguza baiti moja baada ya nyingine.